Elfu Ishirini na Tano: Wacheni Mashine Iulize

Elfu ishirini na tano ni pesa ngapi?

Nshajua utasema nini. 25,000. Umejibu hata swali halijapoa. Haya, sasa niambie 20,005 waitaje kwa Kiswahili. Elfu ishirini na tano. Umeona mambo? Maneno manne yale yale, kwa mpango ule ule, na katikati yake pana shilingi 4,995. Hiyo si pesa ya kuokota, hata kwa tajiri wa Nyali.

Leo nimekuja kugombana, na nagombana na watu wawili kwa mpigo. Wa kwanza ni yule anayesema Kiswahili hakifai kwa kompyuta kwa sababu ya mambo kama haya. Wa pili ni mwandishi wa programu anayeliona tatizo hili kwenye skrini yake, akalinyamazisha kwa mstari mmoja, akashuka zake kunywa kahawa. Huyu wa pili ndo hatari zaidi. Wa kwanza atusema tu. Wa pili atuamulia, na hatuambii.

Tuanze na mashine yenyewe, manake wengi waizungumzia bila kujua yafanya nini. Kompyuta haisomi sentensi kama weye. Ndani yake kuna programu inayochukua neno moja moja na kuuliza: hili laingia wapi? Programu hiyo ni kichanganuzi. Kama umepita sekondari ya Kenya kazi hii waijua. Ni ule uchanganuzi wa sentensi wa kuchora matawi, KN huku, KT kule, mwalimu amesimama na chaki mkononi. Kichanganuzi chachora matawi yale yale, ila chachora mara milioni na hakichoki.

Kuandika kichanganuzi kwa mkono ni kazi ya kuumiza kichwa, ndo maana kuna zana za kukizalisha. Weye waandika sarufi, zana yakutolea kichanganuzi. Zana iliyojulikana zaidi ni Yacc ya Stephen Johnson wa Bell Labs, iliyotoka mwaka 1975, na baada yake Bison wa mradi wa GNU, ambao hadi leo watumika. Nyuma ya zote mbili kuna kazi ya Donald Knuth ya mwaka 1965 kuhusu kusoma maneno kutoka kushoto kwenda kulia bila kurudi nyuma. Ukitaka kuifundisha mashine kusoma pesa kwa Kiswahili, waanza na kitu kama hiki:

kiasi : ELFU idadi
      | ELFU idadi NA baki
idadi : mamoja
      | makumi
      | makumi NA mamoja
baki  : idadi
      | mamia
      | mamia NA idadi

Usiogope. Yasema hivi: kiasi ni neno "elfu" likifuatwa na idadi, na huenda kukawa na baki. Idadi ni mamoja kama tano, au makumi kama ishirini, au vyote viwili na "na" katikati. Baki ni kinachozidi juu ya elfu. Ni sarufi ambayo mtoto wa darasa la nne angekubali ni sawa.

Sasa mashine imesoma ELFU. Imesoma ISHIRINI. Inachungulia mbele na kuona NA. Ifanye nini? Ina njia mbili. Njia ya kwanza naiita POKEA: ichukue hiyo "na", iiendeleze ishirini, ingoje tano, ipate ishirini na tano, na hapo elfu ziwe 25. Njia ya pili naiita FUNGA: iseme idadi imekwisha hapa, elfu ni ishirini, na kinachofuata baada ya "na" ni baki. Hapo tano ni shilingi tano. Sarufi yaziruhusu njia zote mbili. Huo ndo mgongano, na Bison itakwambia wazi kwamba unao mmoja.

Kisha itaamua yenyewe. Hapo ndipo roho yangu huanza kuchemka. Tangu Yacc ya 1975 kanuni ni hii: pokea ikigongana na funga, na hukusema neno, pokea yashinda. Funga mbili zikigongana, iliyoandikwa juu kwenye faili ndiyo yashinda. Hakuna aliyeketi baraza la Mji wa Kale akakubali. Ni desturi ya zana, iliyowekwa na watu waliokuwa wakifikiria lugha za programu, na kwa lugha za programu mara nyingi yafaa. Tatizo ni kuibeba mzima mzima na kuiweka juu ya hesabu ya pesa ya Kiswahili, kisha kuiita uamuzi.

Utaniambia, "Lakini pokea imetoa 25,000, na hivyo ndivyo watu wanavyosema. Walia nini?"

Nalia na elfu ishirini na mia tatu.

Fuata na mie pole pole. ELFU. ISHIRINI. Mbele kuna NA. Mashine imeshazoeshwa kupokea, kwa hiyo inapokea, na sasa yangoja mamoja: moja, mbili, tatu, hadi tisa. Yaja nini? MIA. Mashine yakwama. Yasema sentensi ina kosa. 20,300, kiasi ambacho kila mtu kutoka Makadara hadi Ganjoni hukitamka bila kufikiri, mashine yaambia watu wenye lugha yao kwamba wamekosea. Desturi ile ile iliyokupa 25,000 ndiyo imekunyang'anya 20,300.

Migongano si ya aina moja, na anayeichanganya hafai kushika pesa za watu. Kuna mgongano wa uoni mfupi na kuna mgongano wa utata wa kweli. "Elfu ishirini na mia tatu" haina utata hata kidogo. Ina maana moja, ila mashine inayochungulia neno moja tu mbele haiwezi kuijua hadi ilione neno la pili. Huo ni uoni mfupi, na dawa yake iko. Waweza kuifanya "na mia" iingie kama tokeni moja, au kuiandika sarufi upya, au kutumia aina ya kichanganuzi inayobeba njia mbili kwa pamoja hadi moja ife. "Elfu ishirini na tano" ni jambo jingine. Chungulia mbele maneno mia ukitaka. Sentensi imekwisha na bado maana ni mbili. Hapo hakuna miwani itakayosaidia.

Mwaka jana niliitwa kutengeneza video ya kutangaza programu moja ya wafanyabiashara wadogo. Jina silitaji, na wala usinitumie ujumbe kuniuliza. Programu yenyewe wazo lake ni zuri: waitamkia mauzo yako, yaandika. Sauti yageuzwa maandishi, maandishi yapita kwenye kichanganuzi cha namba, na hicho kimezalishwa kwa Bison. Nikaenda nayo Marikiti nipate picha za viungo na makelele ya kweli. Mama mmoja muuza karafuu na hiliki akaishika simu, akasema, "Elfu ishirini na mia tatu." Simu ikajibu: sijaelewa, tafadhali jaribu tena. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, ndivyo watu wafanyavyo wakidharauliwa. Mara ya tatu akanirudishia simu, akasema, "Mwanangu, kitu chako hakijui Kiswahili."

Nilipomfikishia yule kijana aliyeandika kichanganuzi, alinijibu kwa utulivu kabisa kwamba onyo la mgongano alikuwa analiona tangu mwanzo, na alishaliwekea %expect 1.

Kwa wasioandika programu: %expect 1 ni mstari unaoiambia Bison, "Najua kuna mgongano mmoja, usinisumbue." Mstari huo una kazi yake halali. Mtu aliyeuchunguza mgongano, akaujua, akaridhika kwamba chaguo la mashine ndilo alilotaka, ana haki ya kuandika hivyo ili kesho ukizaliwa mgongano wa pili aambiwe. Lakini kuuandika bila kuchunguza ni sawa na kung'oa kengele ya moto kwa sababu yalia. Na tangu Bison 3.7 ya mwaka 2020 kisingizio kimekwisha, manake ukiiomba, zana yakuandikia mfano wa maneno yanayoleta mgongano, na usomaji wake wote miwili. Yakuwekea sahani mezani, na mtu akakataa kuinua kawa.

Sasa nirudi kwa yule wa kwanza, bingwa wa "Kiswahili kina utata sana".

Ndugu yangu, lugha gani haina? Wataalamu wa ALGOL 60, watu waliokuwa wakitunga lugha ya mashine makusudi na kwa akili zao timamu, waliachia mtego wa "else" isiyojulikana ni ya "if" ipi, na mtego huo ndo mfano wa kwanza katika kila somo la migongano hadi leo. Mwaka 2019 dunia nzima iligombana mtandaoni juu ya 8÷2(2+2), wengine 16, wengine 1, na hayo ni tarakimu, hayana hata lugha. Andika -2^2 kwenye Excel upate 4, iandike kwa namna ya Python, -2**2, upate -4. Hakuna anayesema hisabati haifai kwa kompyuta.

Na sisi utata wetu una sababu yake, tena nzuri. Elfu, mia na ishirini tulizipata kwa Waarabu. Laki tukaipata Bara Hindi. Lakini hatukuzipanga kama wao. Mwarabu husema idadi kwanza, kisha elfu. Sisi tukalichukua neno, tukaliweka palepale Kiswahili kinapoweka jina: mbele. Vitabu ishirini na tano. Nazi ishirini na tano. Elfu ishirini na tano. Hakuna anayesikia "nazi ishirini na tano" akadhani ni nazi ishirini na kitu kingine tano. Elfu yafuata mwendo wa nazi, na hilo ni jambo la kujivunia. Balaa laja kwa sababu nazi haiongezwi juu ya mamoja, na elfu yaongezwa.

Watu wenyewe wanajua pa kuponea. Pita Biashara Street, sikiliza wauza leso wakipatana jumla. Mtu akiona shaka asema "ishirini na tano elfu", aigeuza, utata umekufa. Au asema "elfu ishirini na shilingi tano". Na kwa kubwa kubwa kuna laki. "Elfu mia mbili na ishirini na tano" ina maana tatu nzima: 225,000, au 220,005, au 200,025. Sema "laki mbili na elfu ishirini na tano" zabaki mbili. Sema "laki mbili, ishirini na tano elfu" yabaki moja. Hiyo ni kazi ya kutatua migongano, yafanyika kila siku pale sokoni, bila shahada. Na mie sina shahada vilevile, niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hiyo wale wa "kamalize masomo kwanza" mshajibiwa.

Wengine watasema, "Tangaza kipaumbele tu, mambo yaishe." Haya, tuzungumze kipaumbele, manake hapa ndipo pana siasa.

Kipaumbele ni kile ulichokijua kwa jina la BODMAS. 2+3×4 ni 14, kwa sababu mara hushika kabla ya jumlisha. Zana hizi zina njia fupi ya kutangaza hivyo: waorodhesha alama zako mstari kwa mstari, za chini kwanza, za nguvu mwisho. Mashine ikifika kwenye mgongano yalinganisha kanuni iliyo mkononi na tokeni iliyo mbele. Tokeni ikiwa na nguvu zaidi, yapokea. Kanuni ikiwa na nguvu, yafunga. Wakitoshana nguvu, huangaliwa upande: %left yafunga, na 10-4-3 yawa 3. %right yapokea, na 10-4-3 yawa 9. Na kuna wa tatu, %nonassoc, anayesema: hawa wawili hawakai pamoja, nakataa. Mkumbuke huyu, nitamrudia.

Njia hii ni tamu kwa jumlisha na mara. Kwa maneno ya watu yataka uangalifu. Jaribu "na" na "au". Karibu lugha zote za programu huipa "na" nguvu kuliko "au". Sasa nenda mkahawa wowote wa Mji wa Kale uagize chai na mahamri au mkate wa kumimina. Kwa kipaumbele cha mashine, chai imefungwa na mahamri. Ukichagua mkate, utaletewa mkate mkavu bila chai. Mhudumu mwenye akili timamu hawezi kukufanyia hivyo. Yeye amekupa chai kwanza, ndo akauliza la pili. Kipaumbele cha kitabu na kipaumbele cha meza ni vitu viwili.

Na kipaumbele kikishatangazwa vibaya hakitoki. Lugha ya C ina & iliyowekwa chini ya ==, kwa hiyo a & b == c husomwa kama a & (b == c), ambavyo karibu hakuna anayevitaka. Dennis Ritchie, aliyeitunga, alieleza katika historia yake ya C ya mwaka 1993 kwamba ni mabaki ya lugha iliyotangulia, na kwamba ingekuwa bora kuibadilisha nafasi hiyo. Haikubadilishwa, kwa sababu msimbo ulikuwa ushaandikwa. Lugha zilizokuja nyuma, kama Java, zilirithi kidonda hicho hicho. Hivyo anayeamua leo Kiswahili cha pesa kisomweje ndani ya mashine anawaamulia wajukuu wake.

Wasema natia chumvi? Fungua Katiba ya Kenya ya 2010. Kifungu cha 7 chasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi. Wako sawa, wametoshana nguvu. Sasa nenda Kifungu cha 259: matoleo ya Katiba ya lugha tofauti yakigongana, la Kiingereza ndilo lashika. Hicho ni nini kama si tangazo la kipaumbele? Mtu aliukuta mgongano, akatangaza nani mshindi. Angalau yeye aliuandika mahali pa kusomeka, na wananchi wakaupigia kura. Hundi nazo zina tangazo lao. Kenya, katika Sura ya 27 ya sheria zake, ina kanuni iliyorithiwa kutoka sheria ya Uingereza ya 1882: kiasi cha maneno kikigongana na cha tarakimu, maneno yashinda. Vizuri sana. Sasa andika hundi kwa Kiswahili, "elfu ishirini na tano". Maneno yameshinda. Maneno yapi?

Kwa hivyo nadai mambo matatu, na nayadai kutoka kwa kila anayeandika programu inayosikiliza au kusoma Kiswahili cha pesa.

La kwanza, mgongano wa uoni mfupi utibiwe, usinyamazishwe. Programu inayokataa "elfu ishirini na mia tatu" isitoke nje ya kompyuta ya aliyeiandika. Ni aibu.

La pili, tangazo lolote la kipaumbele liandikiwe maelezo pembeni, kwa Kiswahili, kwa lugha ya mtu wa kawaida: tumeamua hivi, kwa sababu hizi, baada ya kuwauliza watu hawa. Ukiona haya kuyaandika maelezo hayo, uamuzi wako haufai.

La tatu, na hili ndilo kubwa: pesa ikiwa na maana mbili, mashine isichague. Ikatae, iulize. Zana yenyewe yaruhusu. Tangu Yacc kulikuwa na %nonassoc, ruhusa ya mashine kusema hapana. Siku hizi Bison ina %glr-parser, inayofuata njia zote mbili kwa pamoja, mtindo ambao Masaru Tomita aliukuza miaka ya 1980 akiwazia lugha za watu, si za mashine. Njia moja ikifa, kama kwenye mia tatu, yaendelea na iliyobaki. Zote zikifika salama na hukutangaza mshindi, yakwambia kuna utata. Ukiweka %merge, yakukabidhi majibu yote mawili mkononi, uyafanyie utakalo. Basi yaonyeshe: 25,000 au 20,005? Mtu abonyeze.

Nishasikia jibu la watu wa biashara: "Kila swali la ziada lapoteza wateja." Haya, tuhesabu. Chini ya laki moja, tamko lenye utata wa kweli ni la namna moja tu, "elfu" na makumi "na" mamoja. Makumi ni tisa, kumi hadi tisini. Mamoja ni tisa. Tisa mara tisa, matamko 81. Basi. Kila moja lina maana mbili, kwa hiyo viwango vinavyoguswa ni 162 kati ya 99,999. Hata viwili kati ya elfu moja havifiki. Na mtu akisema "ishirini na tano elfu" haulizwi kitu. Wanijia na habari ya kupoteza wateja kwa matamko 81? M-Pesa ipo tangu 2007, na kabla pesa haijatoka yakuonyesha kiasi na anayepelekewa, yangoja uthibitishe. Wakenya hawakuikimbia kwa kuulizwa. Kuulizwa ndo kuliwapa imani.

Jibu la pili: "Nani hupeleka 20,005? Chagua 25,000 ulale." Bandarini Kilindini, mzigo wa kontena huandikwa kilo, na kontena moja laweza kubeba 25,000 au 20,005, zote zaingia. Kura za jimbo zikisomwa kwa mdomo, mgombea aweza kupata 20,005 kama anavyoweza kupata 25,000, na tofauti hiyo yaweza kumpeleka mmoja bungeni na mwingine mahakamani. Kiasi kisicho cha kawaida ndicho hasa kinachohitaji kusomwa sawa, manake hakuna atakayekishtukia kikikosewa.

Jibu la tatu ndilo la kisasa: "Akili bandia itaelewa yenyewe." Modeli imesoma maandishi mengi, imeona 25,000 mara nyingi kuliko 20,005, itachagua 25,000. Hiyo ni desturi ya pokea iliyovaa kanzu mpya. Bora Bison wa zamani, aliyekupa onyo kabla ya kuamua. Huyu mpya ataamua na asiseme kitu, na sauti yake itakuwa tamu.

Mtihani wa KCSE wa Kiswahili hupenda swali la kueleza maana mbili za sentensi. Mtahiniwa akiandika moja akaacha nyingine, apata nusu ya alama, hata kama aliyoiandika ndiyo iliyozoeleka. Twamdai hivyo mtoto wa miaka kumi na saba aliye na kalamu na saa mbili na nusu. Mashine inayoshika pesa za muuza karafuu twaidai kidogo kuliko hapo.

Kama waandika programu, fungua faili lako la sarufi usiku wa leo, tafuta %expect, ujiulize kama waweza kueleza kila mgongano ulionyamazishwa hapo kwa mtu wa sokoni akakuelewa. Kama huandiki programu, chukua ile iliyo kwenye simu yako inayodai inajua Kiswahili, uitamkie elfu ishirini na mia tatu, kisha elfu ishirini na tano. Uone ipi imekataa, na ipi imekuamulia bila kukuuliza. Niletee majibu hapo chini kwenye maoni.

Na ukiandika kiasi, tafadhali, weka tarakimu.